Moyo Mkunjufu Si Kipimo cha Imani

Katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa tulikuwa na desturi moja ambayo hatukuwahi kuihoji. Tulipofika kando ya kitanda, baada ya salamu, tuliimba pambio, tukasoma Neno, tukaomba, kisha tukamtaka mgonjwa akiri kwa kinywa chake kwamba amepona. Akisita, tulimsihi. Akilia, tulimwambia afute machozi, maana machozi humpa adui nafasi. Tulifanya hivyo kwa upendo, na wengi walitushukuru.

Mama mmoja wa usharika wetu, mwimbaji wa kwaya, alikuwa na uvimbe katika titi. Kwa miezi kadhaa alikiri mbele yetu kwamba ni mzima. Alitabasamu, nasi tukamsifu kwa imani yake. Siku alipokubali kwenda hospitali, uvimbe ulikuwa umekwisha kupasua ngozi. Alituambia baadaye, bila hasira, kwamba hakuogopa kisu wala sindano. Aliogopa kwamba akienda kupimwa sisi tutasema ameishiwa imani.

Maneno hayo yalitunyamazisha. Tangu hapo tukaanza kujiuliza: ni kweli hali ya moyo huponya mwili? Na kama ni kweli, huponya kwa kiasi gani? Mzee mmoja wa kanisa akatuletea kitabu ambacho wengi wetu tulikuwa tumesikia habari zake kwenye semina na mahubiri, kitabu cha "yule Mmarekani aliyejiponya kwa kucheka". Ni *Anatomy of an Illness* cha Norman Cousins, kilichotoka mwaka 1979. Tulikisoma sura kwa sura, wenye Kiingereza wakiwafafanulia wenzao. Katika makala haya tunaeleza kitabu hicho kina ukweli gani, kinapungukiwa na nini, na ni wapi sisi wasomaji tumekisemesha jambo ambalo chenyewe hakikusema.

Alichosimulia Cousins

Cousins hakuwa daktari wala mhubiri. Alikuwa mhariri wa jarida la *Saturday Review*. Mwaka 1964 alirudi nyumbani kutoka safari ya Urusi akiwa na homa na maumivu ya mwili. Baada ya siku chache alishindwa kugeuza shingo na kuinua mikono, na hata kujigeuza kitandani. Madaktari waliona ni ugonjwa mkali wa viungo vya uti wa mgongo. Bingwa mmoja alikadiria kwamba katika wagonjwa 500 wa namna hiyo hupona kabisa mmoja tu.

Cousins alikuwa amesoma maandishi ya Hans Selye, mtaalamu aliyeeleza jinsi msongo unavyouchosha mwili. Akajiuliza: ikiwa hasira na hofu zaweza kuudhuru mwili, kwa nini furaha na tumaini visiusaidie? Aligundua kwamba anameza aspirini 26 kwa siku pamoja na dawa nyingine kali, na kwamba mwili wake unazikataa. Kwa kukubaliana na daktari wake, William Hitzig, aliziacha, akaanza kupewa vitamini C nyingi kwa dripu, akahamia hotelini. Huko alitazama filamu za vichekesho na kusomewa vitabu vya kuchekesha. Anasema dakika kumi za kicheko cha kutoka tumboni zilimpa saa mbili za usingizi bila maumivu. Baada ya muda alirudi kazini.

Watu wengi husimulia mpaka hapo tu. Kitabu chenyewe hakiishii hapo, nasi tulishangaa kuona ni mambo mangapi wasimuliaji huyaacha. Kwanza, Cousins hakumwacha daktari. Daktari alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, alimsikiliza, na kila hatua ilipimwa: damu ilichukuliwa kabla ya kucheka na baada ya kucheka. Pili, hakupona kwa siku moja. Kwa miezi mingi alishindwa kuinua mkono kufikia kitabu kwenye rafu ya juu. Tatu, yeye mwenyewe anakiri kwamba huenda vitamini ile ilimsaidia kwa sababu tu aliiamini, naye anatumia sura nzima kueleza habari ya plasebo, yaani kidonge au sindano isiyo na dawa ndani yake, ambayo hata hivyo humpa mgonjwa nafuu.

Kwa hiyo tunamheshimu mwandishi huyu. Ameandika kwa lugha nyepesi, bila kiburi, na ametetea jambo ambalo hospitali zetu nazo zinahitaji kulisikia: kwamba mgonjwa ni mtu, si faili, na kwamba akisikilizwa na kushirikishwa hubeba ugonjwa wake kwa namna tofauti. Sura inayomhusu Pablo Casals, mpiga selo mashuhuri, inagusa moyo. Mzee huyo, akikaribia miaka 90, aliamka mwili umekakamaa na vidole vimevimba. Alipoketi penye piano, vidole vikaanza kufunguka, mgongo ukanyooka, pumzi ikawa nyepesi. Sisi tunaoimba kwaya tumeyaona hayo kwa wazee wetu. Bibi anayeingia kanisani akiegemea ukuta husimama wima wimbo unapoanza.

Kinapopungua

Hata hivyo, kuna mambo matatu tusiyoweza kuyapita.

La kwanza ni kwamba hii ni habari ya mtu mmoja. Magonjwa ya viungo ya namna ile yana tabia ya kupanda na kushuka, wakati mwingine hutulia yenyewe. Tena Cousins alifanya mambo mengi kwa wakati mmoja: aliacha dawa zilizomdhuru, alipewa vitamini, alihama mahali penye kelele, alilala vizuri, alicheka. Mtu akinywa uji, akameza kidonge na kujifunika blanketi, homa ikashuka, atajuaje ni kipi kati ya hivyo kilichoishusha?

La pili ni gharama. Cousins anasema hoteli ilikuwa na bei ya chini, karibu theluthi moja tu ya gharama ya hospitali yake. Kwake lilikuwa jambo jepesi. Lakini kuwa na chumba cha peke yako, muuguzi wa kukusomea, mashine ya filamu, na daktari aliye rafiki yako, hayo si hali ya moyo tu. Mgonjwa wetu amelala wodini akiwaza ada ya mtoto, nauli ya ndugu aliyemletea chakula, na shamba lililobaki bila kupaliliwa. Kumwambia abadili mtazamo bila kumpunguzia hata mzigo mmoja ni kumdai matofali bila kumpa majani.

La tatu ndilo zito zaidi. Cousins anakumbuka kwamba akiwa na miaka kumi alipelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Anasema watoto waligawanyika makundi mawili, waliokuwa na hakika ya kupona na waliokata tamaa, na kwamba wale wa tumaini ndio walioonekana kurudi nyumbani zaidi. Yeye alikuwa miongoni mwao. Tulisimama kwa muda mrefu kwenye ukurasa huo. Je, watoto wale walizidiwa kwa sababu walikata tamaa, au walikata tamaa kwa sababu walikuwa wamezidiwa? Mtoto anayetema damu usiku kucha hana nguvu za kuwachangamsha wenzake asubuhi. Mwandishi anauona mshale ukienda upande mmoja tu, kutoka moyoni kwenda mwilini, naye hasimami kutazama unavyorudi. Sisi nasi kando ya vitanda tulifanya vivyo hivyo. Aliyekuwa na nafuu tulimwita mwenye imani, na aliyezidiwa tukamwona amelegea.

Utafiti ulisema nini baadaye

Tusiseme basi kwamba moyo hauna kazi yoyote katika mwili. Hilo nalo lingekuwa uongo, na Mithali 17:22 ingetusuta, maana mwenye hekima aliufananisha moyo wa furaha na tiba, na huzuni akaieleza kuwa inakausha mifupa. Wanasayansi wameyaona hayo kwa macho yao. Mwaka 1978 watafiti wa California walichunguza watu waliong'olewa magego. Waliopata nafuu kwa plasebo walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya kemikali za mwili za kutuliza maumivu, maumivu yao yaliongezeka. Maana yake ni kwamba nafuu ile haikuwa ya kujidanganya. Mwili wenyewe ulikuwa umetoa dawa yake. Mwaka 1995 huko Ohio, wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu waliopoteza kumbukumbu walitiwa kidonda kidogo mkononi kwa idhini yao, pamoja na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kidonda cha wale wauguzaji kilichukua siku tisa zaidi kupona. Mama anayemuuguza mkwe wake usiku na mchana haambiwi hivyo kwa mafumbo tu: uchovu wake umeingia mpaka kwenye ngozi.

Lakini utafiti mmoja ulitufundisha kuliko yote. Mwaka 2011 wagonjwa wa pumu huko Boston walipewa, kwa zamu, inhela yenye dawa, inhela isiyo na dawa, sindano za Kichina za kuigiza, na mara nyingine hawakupewa chochote. Walipoulizwa wanajisikiaje, waliotumia inhela tupu walisema wamepata nafuu karibu sawa na waliotumia dawa yenyewe. Kisha mapafu yakapimwa. Kwa dawa ya kweli, pumzi iliongezeka kwa asilimia 20. Kwa nyingine zote, kwa asilimia 7 tu, sawa na kukaa bila tiba. Wagonjwa hawakusema uongo. Nafuu waliyoisikia ilikuwa nafuu. Ila mapafu yalikuwa bado yamebana.

Tangu tulipoyasoma hayo, tunaielewa kwa upole zaidi habari ya Loliondo. Mwaka 2011 huohuo maelfu ya watu, kutoka Tanzania na nchi jirani, walikwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500, dawa ya mti aliyosema ameoteshwa na Mungu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Wengi walirudi wakisema wamepata nafuu, na wenzao wakawacheka kwamba wamedanganywa. Sisi hatuwacheki. Aliyesema anajisikia vizuri alikuwa anasema kweli. Msiba ulikuwa kwa wale walioichukua nafuu hiyo kuwa ndiyo majibu ya maabara, wakaacha dawa za kupunguza makali ya VVU au za kisukari.

Na kuhusu saratani, ugonjwa uliompata mama yetu, historia ni ya kunyenyekeza. Mwaka 1989 daktari David Spiegel alitangaza kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, waliokutana kila juma kuzungumza na kufarijiana, waliishi wastani wa miezi 36.6, na wasiokutana miezi 18.9. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini watafiti wa Kanada waliporudia jambo hilo kwa wanawake 235, wakatoa majibu mwaka 2001, vikundi havikurefusha maisha. Spiegel mwenyewe alirudia, na mwaka 2007 akakiri kwa uaminifu kwamba hakuona tena tofauti ile katika kundi zima. Je, vikundi vile vilikuwa bure? Hapana. Wale wanawake wa Kanada waliokuwa na dhiki kubwa walipata utulivu wa moyo na maumivu yao yakapungua. Kufarijiwa hakukuongeza siku zao, lakini siku walizokuwa nazo zilikuwa nyepesi zaidi. Kwetu sisi tunaotembelea wagonjwa, hiyo si habari mbaya.

Mganga wa Lambaréné na rafiki za Ayubu

Kuna ukurasa mmoja wa Cousins ambao wahubiri wetu hawautaji, nasi tunaona ndio bora kuliko yote. Aliwahi kumtembelea Albert Schweitzer, mwanatheolojia na daktari aliyeanzisha hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913. Schweitzer alimpeleka kumwona mganga wa kienyeji akiwa kazini. Wagonjwa wengine mganga aliwapa majani. Wengine hakuwapa kitu, akawasemea maneno tu. Kundi la tatu aliwaonyesha kwa kidole: nendeni kwa Schweitzer. Hao walikuwa wenye magonjwa yanayohitaji kisu, kama ngiri kubwa au mimba iliyotunga nje ya kizazi. Schweitzer alieleza kwamba kila mgonjwa ana tabibu ndani yake, na kazi ya daktari ni kumpa tabibu huyo nafasi.

Watu hulipenda hilo la tabibu wa ndani. Sisi tulikipenda kile kidole. Mganga yule alijua nguvu ya maneno yake, na alijua pia mpaka wake. Kidole hicho hakikumpunguzia heshima, na kiliokoa watu. Sisi, wenye Biblia mkononi, tulikaa miezi kando ya mama mwenye uvimbe na hatukunyoosha kidole hata mara moja.

Maandiko nayo hayakutufundisha desturi ile. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, nao ukabaki. Epafrodito aliugua akakaribia kufa, na Paulo anamsifu badala ya kumkemea. Timotheo alishauriwa jambo la kusaidia tumbo lake, na Trofimo aliachwa Mileto akiwa mgonjwa, wala hapana neno linalosema imani yake ilipungua. Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Bwana alilikataa swali lenyewe.

Ndugu msomaji ataturudisha kwenye Marko 5, ambapo Yesu anamwambia yule mwanamke mwenye kutokwa na damu kwamba imani yake imemponya. Tunalikubali neno hilo kwa mikono miwili. Lakini mwanamke yule alikuja akitetemeka kwa hofu, akaanguka, akamweleza Yesu kweli yote. Hakutabasamu kwanza ndipo aponywe. Na katika Marko 9 yupo baba aliyekiri wazi kwamba imani yake ina upungufu, na mwanawe akaponywa. Imani katika kurasa hizo ni kumwendea Bwana kama ulivyo. Haijawa mahali popote kazi ya kuuchangamsha uso.

Nao rafiki za Ayubu? Kwa siku saba walifanya vema kabisa: waliketi naye chini, wakanyamaza. Walikosea walipoanza kueleza. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, watetezi wake, na kusema kwamba ni Ayubu, aliyelalamika kurasa nyingi, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Ndiyo maana hukumu yetu juu ya kitabu cha Cousins ni hii: kisomwe, hasa na waganga na wauguzi, kama ushuhuda wa mgonjwa aliyesikilizwa. Kisigeuzwe sheria. Mtu akisema, "Nilicheka nikapata nafuu," huo ni ushuhuda, tumshukuru Mungu. Mtu akimwambia mwenzake, "Ungecheka ungepona," hiyo ni hukumu, tena huangukia aliye chini tayari. Tumaini ni zawadi ya kumpelekea mgonjwa. Mara tunapolifanya deni analodaiwa, linakuwa ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kikundi chetu kimebadili desturi. Bado tunaimba, bado tunaomba uponyaji, tena bila kuona haya. Lakini kabla ya kuomba tunauliza: umekwenda kupimwa? Kadi ya kliniki inasema urudi lini? Nani atakusindikiza, na nauli ipo? Kisha tunauliza anaumwa wapi, na tunangoja jibu.

Mama yetu wa kwaya alitibiwa, akaishi nasi zaidi ya mwaka. Alasiri moja tulipoingia alituambia kabla hatujaketi, "Leo naumwa sana. Msiniambie nitabasamu." Tukaketi, tukanyamaza. Baada ya muda mrefu yeye mwenyewe akaanza kutusimulia jinsi jogoo alivyoingia kanisani siku ya harusi yake na kukataa kutoka mpaka mchungaji akasimamisha ibada. Tulicheka mpaka muuguzi akaja kututazama. Kicheko kile hakikumponya. Alizikwa miezi minne baadaye, na kwaya ikaimba. Lakini alasiri ile alitueleza kweli yote, nasi kwa mara ya kwanza tulikuwa tumemtembelea.